Hiyo Kamera ni Bangili Tu

Wasee, tuongee kuhusu hizi kamera ndogo za filamu zenye nembo ya mitindo, zile za miaka ya 1990 mnazouziwa kwa bei ya simu. Ni nzuri, sibishi. Zinang'aa, zinaenea kwa kiganja. Shida iko tumboni.

Kuna zinazotumia APS, filamu iliyoletwa 1996 na Kodak, Fujifilm, Canon, Nikon na Minolta. Ina upana wa milimita 24, imefungiwa kwa kikopo chake, na ile ya kawaida ya milimita 35 haiingii humo hata ukilia. Kodak iliacha kutengeneza kamera za APS 2004. Kufikia 2011, filamu yenyewe ikaachwa pia. Kwa hivyo mkanda wowote utakaopata leo umepitisha tarehe kitambo, rangi zimechujuka, na bado utafute fundi mwenye vifaa vya kuusafisha.

Nembo je? Nyumba ya mitindo haisagi lenzi, manze. Inakodisha jina. Jina la Pierre Cardin limebandikwa kwa mamia ya bidhaa, na hakuna mtu alidhani mzee mwenyewe alikuwa kiwandani. Lakini likiwa kwa kamera, eti picha zitatoka na harufu ya Paris. Zii.

Na fremu ya APS ni kama asilimia 58 tu ya eneo la fremu ya 35. Ile panorama mnaisifu ni fremu hiyo hiyo, imekatwa juu na chini. Simu yako inafanya hivyo bure.

Kuna wenye watasema, "Mimi naiweka tu kwa rafu, ni urembo." Sawa kabisa. Basi lipa bei ya bangili. Wenye wananiudhi ni wauzaji wanaoandika "imejaribiwa, iko fiti" wakimaanisha flashi inawaka. Na nyinyi macreator wenzangu mnaoishika kwa video, kumbe picha mnazopost zimepigwa na simu! Kuna mtu anakula pesa ya rent juu yenu. Mnamuuzia mbuzi kwa gunia.

Ukitaka filamu kweli, tafuta kamera ya milimita 35, hata isiyo na jina. Filamu yake bado inatengenezwa. Na kama moyo umekataa kuachana na ile yenye nembo, mwambie muuzaji akutumie picha aliyopiga nayo mwezi huu. Si picha ya kamera. Picha iliyotoka ndani yake.