Mkulima wa Ngara Hahitaji Semina

Tembo akivuka mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato akamaliza shamba la mihogo, kauli hutolewa. Ng'ombe wakikamatwa ndani ya hifadhi, hutolewa tena. Ikionekana mitego ya waya, au lori la mkaa likizuiwa njiani, kauli ni ile ile: wananchi wapewe elimu ya uhifadhi. Ofisa huisema mbele ya kamera, mhubiri huirudia Jumapili, mtangazaji huisoma saa mbili usiku. Kila mtu hutikisa kichwa kukubali, kwani nani atajitokeza kupinga elimu?

Ipingwe. Katika wilaya za Ngara na Biharamulo mkoani Kagera, jirani na hifadhi hiyo, kauli hiyo si ya kweli, na imefanya madhara kwa miaka mingi kwa sababu inamwita darasani mtu asiye na upungufu na kumwacha nje mwenye upungufu. Anayehitaji kufundishwa ni mtaalamu.

Ngara inao ushahidi ambao hakuna wilaya nyingine Tanzania inayoweza kuufikia. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa saa 24 hivi. Shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi, UNHCR, lilikuwa halijawahi kuona watu wengi kiasi kile wakivuka mpaka kwa kasi ile. Wakapiga kambi Benaco, mahali palipobaki na jina la kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara, kisha zikafuata Lumasi, Lukole na nyinginezo. Kila familia iligawiwa mahindi na maharage makavu. Maharage makavu yanataka moto wa saa kadhaa, na kuni hazikuwa sehemu ya mgao. Kufikia Januari 1996, kwa takwimu za UNHCR yenyewe, kambi za Kagera zilikuwa zikichoma tani 1,200 za kuni kwa siku. Misitu ya kilomita za mraba 570 iliathirika, na kati ya hizo 167 iliharibiwa vibaya.

Wale watu walikuwa wakulima, waliozaliwa na kulelewa kwenye matuta ya milimani. Walijua mti ni nini, udongo ukikosa mizizi unakwenda wapi, na mvua ya Machi inafanya nini kwenye mteremko ulio uchi. Walikata kwa sababu watoto hawali maharage mabichi. Ungewaketisha chini ya turubai ukawafundisha ikolojia kuanzia Januari hadi Desemba, jioni yake wangechukua panga wakaenda kutafuta kuni, na wewe pia ungekwenda.

Nyama nayo ina kisa chake. Januari 2008 shirika la TRAFFIC, linalofuatilia biashara ya wanyama na mimea pori, lilitoa ripoti ya George Jambiya na wenzake kuhusu nyamapori katika kambi za kaskazini magharibi mwa Tanzania. Ripoti iliitwa kwa jina ambalo wakimbizi wenyewe walikuwa wameipa nyama hiyo, mchicha wa usiku, kwa kuwa ilipikwa giza likishaingia. Katikati ya miaka ya 1990, kambi kuu mbili zilikuwa zikila makadirio ya tani 7.5 za nyamapori haramu kila wiki. Nyama hiyo ilitoka kwenye mapori ya akiba yaliyo karibu, na wenyeji waliokuwa na njia za porini walikuwa sehemu ya biashara. Waandishi hawakusema watu wale walikosa elimu. Walisema mgao wa chakula haukuwa na nyama, na wakapendekeza wakimbizi wapatiwe nyama halali.

Mtu anayepika usiku ili asionekane anaijua sheria vizuri. Kinachomkosesha usingizi si ujinga, ni chungu kisicho na kitoweo.

Sasa tuwatazame wanaopewa kazi ya kumwelimisha mtu huyu. Tanzania ina vyuo vya heshima. Mweka, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kilianzishwa mwaka 1963 na kimetoa wahifadhi kwa nchi nyingi za Afrika. Pasiansi, Mwanza, kimekuwa kikifundisha askari wanyamapori tangu mwaka 1966. Wahitimu wake wamekufa porini wakilinda wanyama, na hakuna mtu mwenye akili anayewadharau. Lakini mhitimu anayepangiwa kituo mpakani mwa Burigi anafika akiwa anajua silaha, doria, vifungu vya sheria na majina ya kisayansi ya korongo na nzohe. Alifundishwa wapi kukaa na ukoo ulioliwa na tembo ekari mbili za mihogo? Nani amemfunza kusikiliza mkutano wa kijiji wenye hasira bila kuita gari la polisi? Somo la jamii lipo kwenye mtaala, ila haliwi ndilo linaloamua nani amefaulu.

Mambo yameelekea upande huo zaidi. TANAPA ya hifadhi za taifa, TAWA ya wanyamapori, TFS ya misitu na Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro zimeingizwa katika mfumo wa kijeshi, wenyewe wanauita Jeshi Usu, wenye makamishna na vyeo vya begani, na hata watumishi wa ofisini wamepelekwa Mlele, Katavi, kupitia mafunzo ya kijeshi. Mhasibu anajua gwaride. Je, anajua jinsi ya kuharakisha faili la mjane ambaye shamba lake limelimwa na tembo?

Nchi hii imeshaonja matunda ya mafunzo ya upande mmoja. Operesheni Tokomeza ilianza Oktoba 2013 dhidi ya ujangili, na kabla mwezi wa pili haujaanza vizuri ikasitishwa kwa malalamiko ya mateso, vifo na mifugo kuuawa. Desemba mwaka huo huo kamati ya Bunge chini ya James Lembeli ilisoma ripoti yake na mawaziri wanne wakaondoka, akiwamo Khamis Kagasheki wa Maliasili na Utalii, mbunge wa Bukoba Mjini. Waliofanya yale hawakuwa wakulima wasiojua thamani ya wanyama. Walikuwa watu waliofunzwa, wenye sare na namba.

Wapo wanaojibu kwamba mtu wa darasa la saba hawezi kumfundisha mhitimu. Hoja hii ni dhaifu mno, na wanaoisema waende Sagalla, karibu na Tsavo nchini Kenya. Huko mashamba yamezungushiwa kamba zenye mizinga ya nyuki, tembo akiigusa kamba nyuki wanatoka naye anageuza. Mtafiti Lucy King ameufanyia kazi uzio huo na kuusambaza hadi nchi nyingine, lakini wazo lenyewe lilianzia kwa wenyeji waliokuwa wakisema tembo hukwepa mti wenye nyuki. Wanasayansi walisikia, wakapima, wakakuta ni kweli. Biharamulo watu wametundika mizinga tangu enzi za mababu. Ni nani basi mwanafunzi na nani mwalimu?

Kuna pia jambo la jina, ambalo linauma ingawa wengi hawalisemi. Mwaka 2019 mapori ya Burigi, Biharamulo na Kimisi yaliunganishwa yakawa hifadhi moja ya kilomita za mraba 4,707. Jina la Biharamulo likafutwa, likawekwa la Chato, wilaya iliyomegwa kutoka Biharamulo hiyo hiyo. Watu waliokuwa jirani wa pori kwa vizazi hawakustahili kuachiwa hata neno moja kwenye kibao cha getini? Kisha wanaitwa ukumbini, wanapewa fulana na kofia, wanaambiwa hifadhi ni mali yao.

Kifuta jasho nacho, yaani malipo ya kumpoza aliyeharibiwa mazao na wanyama. Kanuni zilizotungwa mwaka 2011 ziliweka malipo ya shilingi 25,000 hadi 100,000 kwa ekari iliyoharibiwa, yakiongezeka kadiri shamba lilivyo mbali na mpaka, na mwisho ekari tano. Kwa kanuni hizo, aliye ndani ya mita 500 hapati kitu. Yaani yule anayelala akisikia tembo wakivunja matawi, anayekesha na vuvuzela na moto, ndiye anayelipwa kidogo zaidi au asilipwe kabisa. Hakuna semina itakayomfanya akubali hesabu hiyo, na si haki kumtaka aikubali.

Ng'ambo ya Mto Kagera, ndani ya Akagera ya Rwanda, vijana wa vijiji jirani wamefunzwa kuwa waongoza watalii wa kujitegemea na wanaendesha maisha kwa kazi hiyo. Hawakufunzwa kupenda wanyama. Walifunzwa kazi, ndege kwa ndege, njia kwa njia, wakapata malipo. Kijana wa Rulenge au Nyakahura akitaka mafunzo rasmi ya askari wanyamapori wa kijiji anaelekezwa Likuyu Sekamaganga, Namtumbo, mkoani Ruvuma, kona nyingine kabisa ya nchi.

Fedha za semina za mwaka ujao zigawanywe upya. Darasa lifunguliwe Biharamulo mjini, liwe na wanafunzi wa aina mbili kwenye dawati moja: vijana wa vijiji wanaosomea doria, uongozaji wa watalii, ufugaji nyuki na matumizi ya mabomu baridi ya kufukuzia tembo, na maofisa wa hifadhi wanaosomea usuluhishi, tathmini ya mazao na lugha ya Kihangaza. Mitihani ya maofisa isahihishwe na wenyeviti wa vijiji. Atakayeshindwa kueleza kwa nini kanuni za 2011 hazikumlipa mkulima aliye mita 400 kutoka mpakani, arudie mwaka.