Ziara za Mafunzo Zisiwe za Wenye Nauli Tu

Muhula unapokaribia kwisha, watoto wengi wa shule za msingi hapa Morogoro hurudi nyumbani na karatasi ya ziara ya mafunzo. Imeandikwa tarehe, mahali na kiasi cha kuchangia: nauli ya basi, kiingilio cha hifadhi, chakula cha mchana. Mzazi mwenye watoto watatu huisoma, huikunja na kuiweka juu ya kabati. Siku ya safari ikifika, basi hujaa watoto waliolipiwa. Waliobaki huja shuleni kukaa na mwalimu wa zamu, au hubaki nyumbani kabisa. Kesho yake husikiliza wenzao wakisimulia habari za twiga.

Hatuna ugomvi na Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Ilianzishwa mwaka 1964, ni mali yetu sote, na mtoto wa Kitanzania anastahili kumwona tembo akiwa hai, asimjue kwa picha ya noti ya shilingi elfu kumi tu. Wasiwasi wetu ni kwamba kwa watoto wengi ziara hiyo ya mara moja ndiyo elimu yote ya mazingira wanayoipata nje ya darasa, na kwa wasiokuwa na nauli hata hiyo haipo.

Yapo mazingira mengine ambayo mtoto huyo huyo hukutana nayo kila siku. Amechelewa namba, afyeke majani. Amepiga kelele darasani, amwagilie maua ya ofisi ya mwalimu mkuu. Hakumaliza zoezi, aokote takataka uwanja mzima. Kazi hizo si mbaya, ila zikitolewa kama viboko zinamfundisha mtoto somo ambalo hatukulikusudia. Anakua akijua kwamba mazingira yakiwa mbali ni starehe ya wenye fedha, na yakiwa karibu ni adhabu ya wakosaji. Kisha tunashangaa kumwona ni mtu mzima anayetupa chupa ya plastiki kupitia dirisha la daladala.

Msimamo wetu ni huu: parokia na seminari zetu ziwapeleke watoto nje, mahali pa karibu, kwa miguu na bila malipo, na ziwarudishe pale pale mara kadhaa kwa mwaka. Kazi hii inatuhusu sisi waamini moja kwa moja. Tusiiachie shule peke yake.

Katika Waraka wa Laudato Si' wa mwaka 2015, Baba Mtakatifu Fransisko alitenga sura nzima ya sita kwa ajili ya elimu na tasaufi ya ekolojia. Katika namba 213 anazitaja shule, familia, vyombo vya habari na katekesi kuwa ni mahali pa kutolea malezi hayo. Namba inayofuata inatugusa sisi majandokasisi kwa jina la nyumba zetu: anatarajia seminari na nyumba za malezi zifundishe maisha ya kiasi, kuitafakari dunia ya Mungu kwa shukrani, na kuwajali maskini pamoja na kulinda mazingira. Tuone anavyoyaweka pamoja. Kutafakari uumbaji na kumjali maskini ni malezi ya aina moja. Ziara ya mafunzo inayomwacha mtoto wa maskini kwenye geti la shule inavitenganisha vitu ambavyo Kanisa limeviunganisha.

Bwana wetu mwenyewe alifundisha watu wakiwa mlimani, ufukweni, njiani na kandokando ya mashamba. Alipotaka kuwatoa wanafunzi wake katika mahangaiko ya chakula na mavazi, aliwaelekeza kwa ndege na maua yaliyokuwa mbele ya macho yao. Mifano yake mingi ni ya mpanzi, mzabibu, mtini na haradali. Leo tunawafundisha watoto mifano hiyo hiyo ndani ya ukumbi wa parokia, wakiwa wamekaa kwenye mabenchi, na wengine hawajawahi kuona mbegu ikiota.

Wamisionari waliotutangulia ukanda huu walilijua jambo hili. Padre Charles Sacleux wa Shirika la Roho Mtakatifu, aliyefanya utume Zanzibar na Bagamoyo mwishoni mwa karne ya 19, alikusanya mimea ya pwani kwa bidii kiasi kwamba baadhi yake inabeba jina lake hadi leo katika vitabu vya sayansi. Kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa, iliyoanza kuchapishwa Paris mwaka 1939, ina majina mengi ya mimea ambayo hakuyapata maktabani. Aliyapata kwa watu waliokuwa wakiitumia. Mwalimu Nyerere naye, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alilalamikia elimu inayomtenga mtoto na jamii yake na kumfanya aone kwamba maarifa yote yako vitabuni.

Sasa tutazame mlima wetu. Mtoto wa Kihonda au Mafiga huiona Milima ya Uluguru kila asubuhi. Vilele vyake vinapita mita 2,600 kutoka usawa wa bahari, na katika misitu yake wapo ndege, vyura na vinyonga wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Mto Morogoro unashuka kutoka huko na kupita katikati ya mji hadi Mto Ngerengere. Bwawa la Mindu, tunakochota maji mengi ya mji huu, liko kwenye Ngerengere hiyo hiyo. Ngerengere nao unaingia Mto Ruvu, ambao chanzo chake ni Uluguru, na Ruvu ndio unaolisha mitambo ya maji ya Ruvu Juu na Ruvu Chini inayotegemewa na Dar es Salaam. Mwishoni mwa mwaka 2022, maji ya Ruvu yalipopungua kwa ukame, jiji lile lilikaa kwenye mgawo. Mtoto wa Morogoro anakaa kwenye shingo ya chupa ambayo mamilioni ya watu wanainywea, lakini ukimuuliza maji yanatoka wapi, wengi watakujibu: bombani.

Somo hili halihitaji basi. Linahitaji chupa mbili tupu zinazopitisha mwanga. Moja ichotwe kwenye kijito juu ya mji, upande wa njia ya Morningside, na nyingine kwenye mto huo huo baada ya kupita makazi na masoko. Achote mtu mzima, watoto wasiingie majini. Chupa ziwekwe juu ya jiwe kwa saa moja hivi bila kutikiswa, wakati watoto wanakula na kuchora walichokiona. Wakirudi, watazame tope lililotuama chini ya kila chupa, wapime kwa rula, waandike. Kisha waulizwe swali moja tu: hili tope lilikuwa wapi jana? Tuwaache wabishane, tusikimbilie kutoa hotuba. Mtoto aliyeligundua jibu mwenyewe hatalisahau, na jioni atamsimulia mama yake bila kutumwa.

Warudi pale pale Novemba mvua za vuli zinapoanza, Aprili katikati ya masika, na Septemba wakati wa kiangazi. Ziara moja humpa mtoto picha. Ziara tatu mahali pamoja humpa kumbukumbu ya kulinganisha: mti uliokuwepo haupo, kijito kilichokuwa cheupe kimekuwa chekundu, au, Mungu akijalia, miche waliyoipanda wenyewe imeshika. Upendo wa mahali, kama upendo wa mtu, unataka kurudi mara kwa mara.

Hapa tunaomba tahadhari moja, na historia ya mlima huu ndiyo inayotufundisha. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni ya Waingereza iliona udongo wa Uluguru unaporomoka, ikaja na mpango wa kuwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi. Wataalamu hawakukosea kuhusu udongo kuporomoka. Ila kazi ilikuwa nzito, mavuno ya kuwatia watu moyo hayakuonekana, na mkulima hakuulizwa. Mwaka 1955 ghasia zikazuka Matombo, na mpango ukaachwa. Ukweli ulioletwa kwa amri ulikataliwa na watu wale wale ambao ungewafaa.

Tusirudie kosa hilo kwa kuwatumia watoto. Ni rahisi kumpeleka mtoto wa mjini mlimani, akaonyeshwa shamba lililo mtelemkoni, akaambiwa huyo ndiye anayetumalizia maji. Lakini mboga, ndizi na stroberi zinazouzwa sokoni mjini zinatoka kwenye mashamba hayo, na anayelima pale ana watoto wa kusomesha kama wetu. Kwa hiyo mwalimu wa kwanza wa ziara awe mkulima au mzee wa mahali. Awaonyeshe majani aliyopanda ukingoni mwa tuta ili yashike udongo, awaambie mvua zilivyokuwa alipokuwa kijana, aeleze kwa nini wakati mwingine inambidi kulima karibu na kijito. Mtoto amsalimie shikamoo, amsikilize, kisha aulize. Akirudi mjini atajua pia kwamba plastiki inayoziba mtaro wa mtaa wake haikutoka mlimani. Ni yetu.

Yapo maswali ambayo wazazi na walimu wanayo haki ya kuuliza. La kwanza ni usalama. Taifa halijasahau Mei 2017, wanafunzi 32 walipofariki katika ajali ya basi Karatu pamoja na walimu wao wawili na dereva. Ziara ya miguu inaondoa hatari ya barabara kuu, ila inaleta nyingine: mto uliofurika, nyoka, mteremko wenye utelezi. Kwa hiyo watoto wawe wachache, mtu mzima mmoja asiongoze zaidi ya watoto kumi, mzazi atoe ridhaa kwa maandishi, awepo anayejua huduma ya kwanza, na mvua ikinyesha milimani ziara iahirishwe bila mjadala. Watu wazima wawe wawili au zaidi wakati wote, kama utaratibu wa ulinzi wa watoto unavyodai. Kuingia Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, iliyotangazwa mwaka 2008, kuna taratibu zake za vibali, nazo zifuatwe. Lakini si lazima kufika huko. Chemchemi iliyo nyuma ya kigango inatosha kuanzia.

La pili ni mitihani. Mwalimu mwenye darasa lililojaa na mada ambazo hajazimaliza hawezi kulaumiwa akisema hana muda. Ndiyo maana tunaelekeza ombi letu kwa parokia. Watoto wa Utoto Mtakatifu wanakutana Jumamosi au Jumapili kila wiki, na wana viongozi wanaowajua kwa majina. Jumamosi tatu kwa mwaka hazitavuruga ratiba ya mtu.

La tatu huulizwa kwa sauti ya chini: je, hatutawafundisha watoto kuabudu miti? Hapana. Anayeheshimu zawadi anamheshimu aliyeitoa. Mtakatifu Fransisko wa Assisi, ambaye Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwaka 1979 kuwa msimamizi wa wanaojishughulisha na ekolojia, aliviita viumbe ndugu kwa sababu Baba yao ni mmoja. Ziara ianze kwa sala fupi na iishe kwa kila mtoto kutaja kitu kimoja anachomshukuru Mungu. Hiyo ni katekesi kamili.

Kuhusu gharama, jumuiya ndogo ndogo zinatosha. Tunachangia harusi na misiba, na tunachangia vizuri. Jumuiya moja ilete uji, nyingine maandazi na maji ya kunywa, nyingine itoe wazazi wawili wa kusindikiza. Kanuni iwe moja isiyovunjwa: hakuna mtoto anayebaki kwa sababu ya hela, wala kwa sababu hana viatu vya kufaa, wala kwa sababu ya ulemavu. Njia ikimshinda mtoto mmoja, tuchague njia nyingine kwa ajili ya wote.

Kwetu majandokasisi neno ni fupi. Tunajifunza falsafa na teolojia kwa miaka mingi, na ni vema. Lakini tutatumwa kwenye parokia ambazo waamini wake wanaishi kwa mvua na udongo. Padre asiyejua chanzo cha maji ya kigango chake atawahubiria nini wanawake wanaoamka alfajiri kwenda kuyachota? Katika kazi zetu za kichungaji za mwisho wa wiki, tuombe walezi watupangie kuwasindikiza watoto hawa. Twende na daftari letu pia, maana watoto wengi wa vijijini watatuzidi kwa majina ya miti.

Kipindi cha Kazi ya Uumbaji huanza tarehe 1 Septemba na kufungwa tarehe 4 Oktoba, sikukuu ya Mtakatifu Fransisko. Kinaangukia kiangazi, wakati vijito viko chini na njia ni kavu. Tunawaomba maparoko, makatekista na halmashauri za walei walipange jambo hili kwenye kikao kijacho: kila parokia ichague chemchemi, kijito au kipande cha msitu kilicho karibu, impate mzee wa kuwapokea watoto, na itangaze Jumamosi ya kwanza. Matangazo yakisomwa baada ya Komunyo, yataje wazi kwamba hakuna mchango wa mtoto. Na yule ambaye karatasi yake ya ziara iko juu ya kabati hadi leo awe wa kwanza kuandikishwa.