Mwanafunzi Akimsomesha Mwenziwe

Katika vyuo vyetu vya Kurani jambo hili halikuwa na ajabu. Mwalimu mmoja, watoto tele, na aliyekwisha hitimu juzuu ndiye aliyemshika mkono yule aliye bado kwenye alifu. Kwa hiyo nisomapo habari za Bwana Robert Moses, Mmarekani mweusi aliyefariki mwaka 2021, sioni mgeni.

Tangu 1961 Bwana huyo alikuwa Mississippi akiwasaidia watu weusi kujiandikisha kupiga kura. Huko mtu alitakiwa asome kifungu cha katiba na kukieleza mbele ya karani, na karani ndiye aliyekata shauri kama amefaulu. Watu walinyimwa kwanza shule, kisha wakanyimwa kura kwa kuwa hawakusoma! Baadaye akaja kwa majirani zetu, akasomesha hesabu Same, Tanzania, tangu 1969 hadi 1976.

Mwaka 1982, mjini Cambridge, Massachusetts, akakuta shule ya bintiye Maisha haina somo la aljebra. Akaanza kumsomesha darasani, yeye na wenzake watatu, na ndipo ulipozaliwa Mradi wa Aljebra. Hoja yake ni kwamba asiyejua aljebra leo hufungiwa mlango wa kazi, kama asiyejua kusoma alivyofungiwa mlango wa kura. (Na jina lenyewe la aljebra, tusisahau, latoka katika kitabu cha Al-Khwarizmi wa Baghdad, karne ya 9.)

Waliofuzu wakawa ndio wasomeshaji. Mwaka 1996 vijana wakaunda chama chao, wanawe Moses wakiwamo. Mjini Baltimore vijana wa sekondari wamesomesha wadogo zao kwa malipo. Tena hawakuishia kwenye vitabu, bali walitoka barabarani kuidai serikali ya jimbo fedha za shule za jiji lao. Hapa ndipo penye uzito. Kijana aliyekwisha ona kwamba aweza kumfumbua mwenziwe macho, haridhiki tena na darasa lisilo na vitabu.

Sasa nije kwetu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imekataza masomo ya likizo, walakini mzazi wa Kisauni ajua ni shilingi ngapi humtoka ili mwanawe asomeshwe hesabu mara ya pili. Asiye nazo, mwanawe hubaki nyuma.

Wako watakaosema mtoto hakupelekwa shule kusomesha, na kwamba walimu watapata pa kupumzikia. Hofu hiyo ina haki. Watoto wasigeuzwe vibarua wa bure, na ndiyo sababu nimeitaja ile habari ya malipo.

Madrasa zetu nyingi huwa tupu baada ya Isha, na mikeka imo. Kamati za misikiti zenye nyumba za wakfu mjini, je, zitashindwa na nauli na chai ya vijana kumi? Wenye kamati nawangojea wanijibu, hata kwa shairi.