Tusiwafukuze Kuku, Tuwajengee

Mwaka huu nimeomba nafasi katika jarida la Chama chetu si kwa ajili ya shairi wala hadithi, bali kwa ajili ya kuku. Msicheke. Katika ploti tunamoishi hapa Kisumu Ndogo, Kibera, mwenye ploti ametangaza kwamba muhula huu ukiisha asione kuku hata mmoja, na asiyetaka kuwaondoa basi aondoke nao. Ametoa sababu tatu: uchafu, kelele na panya. Mimi nasema sababu zake ni za kweli lakini hukumu yake haikutimia. Anayestahili kupigwa marufuku ni kuku asiye na banda, na banda lenyewe laweza kujengwa kwa vitu ambavyo mtaa huu hutupa kila siku.

Tusifichane mambo yalivyo. Nyumba nyingi za huku kwetu ni chumba kimoja, futi kumi kwa kumi, au ukibahatika kumi na mbili kwa kumi na mbili. Mgeni akija kutoka ushago na kuku kapuni, kuku huyo hulala wapi? Chini ya kitanda, kamba mguuni. Kukipambazuka anafunguliwa mlango akajitafutie. Atachakura mtaroni, atachakura kwenye jaa, atakunywa maji ya sabuni ya kina mama wanaofua. Jioni anarudi chini ya kitanda, na watoto wanalala juu yake wakivuta vumbi la manyoya na mavi usiku kucha. Ati huyo ndiye tunayemsifu kuwa kuku wa kienyeji halisi, asiyejua kemikali!

Hebu tupeleleze sifa hiyo. Mwaka 2005 mayai ya kuku waliokuwa wakijitafutia karibu na jaa la Dandora yalipimwa, yakakutwa na dayoksini kupita kiwango kilichoruhusiwa na Umoja wa Ulaya. Dayoksini ni sumu ambayo hutokea taka zinapochomwa ovyo, hasa zile zenye plastiki ndani yake. Hutua na majivu udongoni, kuku akachakura akameza, nayo ikaenda kukaa katika mafuta ya kiini cha yai. Najua Kibera si Dandora. Lakini ni nani kati yetu asiyeujua moshi wa jioni wa chupa na viatu vya plastiki vikiungua kando ya mtaro? Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017, lakini plastiki haikuisha. Kwa hiyo kumfungia kuku ni kumhurumia yeye na kumhurumia yule atakayekula yai lake.

Kuna na jambo la chanjo, ambalo watu hulisahau. Kideri kikiingia mtaani hakibishi hodi. Leo una kuku kumi, wiki ijayo unabaki na vifaranga wawili na masikitiko. Chanjo yake ipo, tone moja jichoni, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu hivi. Chupa moja huwa na dozi za kuku wengi kuliko wa nyumba moja, na ikishatayarishwa haikai, lazima itumike mara moja. Maana yake ni kwamba majirani wachange pesa na wachanje siku moja, saa moja. Sasa niambieni, kuku anayezurura utamchanja saa ngapi? Utamkimbiza kutoka Kisumu Ndogo hadi Makina ukiwa na chupa mkononi?

Basi turudi kwenye banda. Likizo ya Agosti mimi na fundi mmoja jirani yetu tulimjengea mama banda nyuma ya nyumba, baina ya ukuta na bafu la ploti. Lina urefu wa futi 6, upana wa futi 3 na kimo cha futi 4, nalo limeinuliwa juu ya miguu ya futi 2. Kuku wake sita wanakaa humo bila kubanana. Kununua banda jipya kwa mafundi wa barabarani tuliambiwa shilingi elfu tisa. Sisi tulitumia 1,150, na karibu zote ziliishia kwenye wavu na misumari.

Mbao tulizipata kwenye paleti, yale majukwaa yanayobebea mizigo, ambayo wenye maduka makubwa hutaka yaondolewe tu. Hapa naomba msikilize vizuri. Paleti nyingi zinazotoka nje zina muhuri. Ukiona herufi HT, mbao ilipitishwa kwenye joto kuua wadudu. Ukiona MB, ilifukizwa dawa ya methili bromidi, hiyo iache hapo hapo. Vibao vya paleti tulivipigilia sakafuni tukiacha nafasi ya kidole kimoja baina ya kibao na kibao, mavi yakaanguka chini kwenye bati la zamani. Asubuhi unavuta bati, unakwangua, umemaliza. Kazi ya dakika tano kabla ya kuja shule, na harufu aliyolalamikia mwenye ploti imekwisha, maana harufu mbaya ya kuku hutoka kwenye mavi yaliyolowa yakakaa.

Bawaba za mlango ni vipande vya tairi kuukuu, kama vile vya kushonea akala. Hazipati kutu wala hazipigi kelele. Dirisha ni kifuniko cha feni iliyokufa. Viota vya kutagia ni mitungi miwili ya mafuta ya kupikia ya lita 20, tumeikata ubavu mmoja na kutia maranda ya mbao tunayopewa bure na maseremala wa Ngong Road. Kuku hupenda kutaga penye giza kidogo, kwa hiyo viota tuliviweka pembeni kabisa. Fito za kulalia ni mpini wa jembe na mipini ya mafagio, zote kimo kimoja. Ukiziweka kwa ngazi watapigania ya juu kila magharibi kama abiria wa matatu.

Kitu kimoja tu sikukubali kiwe cha kuokota, nacho ni wavu. Ule wa matundu makubwa ambao kila mtu huuita waya wa kuku humzuia kuku asitoke lakini haumzuii panya asiingie. Nunueni ule wa matundu madogo, wa kuanikia kahawa. Huko juu uachwe wavu mtupu ili hewa ipite, na huku chini pawe na bati kuzuia upepo na mvua. Wengi huziba kila mahali wakidhani wanamkinga kuku na baridi. Kuku ana koti lake la manyoya. Kinachomwua ni kukosa hewa na kulala palipolowa. Na panya wa mwenye ploti? Panya hafuati kuku, hufuata chakula kilichomwagika. Chakula kikitiwa ndani ya kopo lenye kifuniko, na banda likawa na miguu mirefu, panya atakwenda kwingine.

Hata hivyo sikubaliani na wale wanaosema kila kitaka ni mali. Msemo huo ni mtamu mdomoni lakini una hatari zake. Mlango wa zamani wenye rangi inayobambuka usiutumie, kwa sababu rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi. Kuku hudonoa kila kinachometameta, na risasi ikimwingia itatokea kwenye yai. Betri za gari msizilete karibu kabisa. Kule Owino Uhuru, Mombasa, watu walidhurika kwa risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, hata mahakama mwaka 2020 ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Mitungi iliyowahi kuwa na dawa za wadudu hata uioshe mara saba haifai. Mabati ya asbesto, yale mazito ya kijivu yanayotolewa kwenye majengo ya kale, hapa Kenya yalikatazwa mwaka 2006, wala si ya kukatwa kwa msumeno nyuma ya nyumba. Mataruma ya reli yamenyweshwa dawa nyeusi, tena ni mali ya umma. Na mkinunua vyuma chakavu, ulizeni vimetoka wapi. Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara hiyo nchi nzima kwa sababu ya watu waliokuwa wakiiba nyaya na vyuma vya umeme na reli.

Sasa kelele. Waswahili husema jogoo wa shamba hawiki mjini. Aliyetunga methali hii hakupata kulala Kisumu Ndogo. Jogoo wa hapa huwika saa tisa za usiku, akajibiwa na wa ploti ya pili, wa tatu akachukua mpaka reli nzima ikaamka. Hapa namwunga mkono mwenye ploti mia kwa mia: majogoo waende. Najua wenzangu wengi watashtuka, lakini tetea hutaga bila jogoo. Jogoo anahitajika kwa mayai ya kuatamiwa tu. Mwenye kutaka vifaranga na apeleke kwa rafiki mwenye nafasi, au anunue mayai yenye mbegu amwekee tetea anayetaka kuatamia, asubiri siku 21.

Wapo wanaosema kwamba mjini ni mjini, mifugo ni ya ushago. Hao hawajui hata jina la mahali wanapolala. Kibra kwa Kinubi maana yake ni msitu, na wazee wa Kinubi waliokaa hapa mwanzoni mwa karne iliyopita walilima na kufuga kabla bati la kwanza halijapigiliwa. Wala si historia ya zamani tu. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, reli iling'olewa hapa Kibera na chakula kikawa adimu. Mwaka 2008 shirika la Solidarités kutoka Ufaransa likawasaidia wakazi kupanda sukuma wiki ndani ya magunia, na mpaka leo magunia utayaona milangoni. Mavi ya kuku yakikauka na kukaa wiki kadhaa ndiyo mbolea ya magunia hayo. Mama jirani huja kuchukua ya kwetu kwa debe, nasi hutuletea majani ya nje ya sukuma kwa ajili ya kuku. Majani hayo, ukoko wa ugali, vumbi la omena na mabaki ya posho mili ndicho chakula chao kikubwa.

Na sheria je? Nimesikia ikisemwa kwamba kanjo haruhusu. Kaunti ya Nairobi ilitunga sheria mwaka 2015 ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini. Kukuza na kusimamia, hayo ndiyo maneno ya kichwa chake. Mtu hawezi kukuza na kusimamia kitu anachokifukuza.

Neno gumu zaidi aliniambia mwanafunzi mwenzangu wa kidato cha nne. Alisema, "Unajengaje kwenye ardhi isiyo yako? Buldoza likija je?" Ni kweli. Julai 2018 nyumba nyingi zilibomolewa Kibera kupisha barabara, na watu wakaonekana wakiokota mabati na mbao zao kwenye vifusi ili wakaanze kwingine. Nami nikamjibu kwamba hiyo ndiyo sababu ya kutumia vitu vya kuokota na kuvifunga kwa parafujo penye viungo vikuu. Banda letu hufunguliwa likawa vipande vitano. Watu wawili na mkokoteni mmoja wanalihamisha kabla chai haijachemka. Mwenye kukaa kwa wasiwasi ajenge kitu kinachoweza kuondoka naye.

Sizungumzi haya kwa kupenda mjadala. Mayai ya kuku hao sita ndiyo yanayonilipia chakula cha mchana hapa shuleni, na si mimi peke yangu. Katika ploti yetu kuna familia nne nyingine zenye kuku wanaolala chini ya vitanda, na mbili kati yao zina watoto katika shule hii. Tumekaa kikao, tukamwomba mwenye ploti aje alitazame banda la mama kabla ya kukata shauri la mwisho. Amekubali kuja Jumamosi ya mwisho ya muhula. Amesema akikuta kuku hata mmoja nje ya banda siku hiyo, hana la kusikiliza.

Kwa hiyo tunahitaji mabanda mawili zaidi, na mbao za paleti tulizonazo hazitoshi. Nyuma ya maabara yetu kuna rundo la madawati yaliyovunjika, mbao tupu zisizopakwa rangi, yanayosubiri kuwa kuni za jikoni. Nimemwandikia Mwalimu Mkuu barua, kupitia kwa mlezi wa Chama, kuomba nane tu. Mwalimu wa Kilimo amesema kama tutaruhusiwa atakuja na kidato cha pili wapimie hapo hapo, na wenye nyundo nyumbani waje nazo.