Fimbo bei mbaya, daftari je?

Wiki hii tunaingia kwenye pool, lakini hatuchezi. Leo tunaongea pesa.

Kijiweni kwetu fimbo ni fimbo tu. Imepinda kama upinde, ncha imekwisha, mtu anaivingirisha mezani kuona kama inaruka, anapaka chaki, mchezo unaanza. Ukimwambia mshikaji kuwa ipo fimbo ya pool inayouzwa bei ya gari, atakuuliza umekunywa nini. Lakini zipo, tena siyo moja. Huko Marekani kuna watu wazima na akili zao ambao pesa zao hawaziachi benki zote. Nyingine wanazinunulia fimbo zilizotengenezwa kwa mkono, wanazifungia kwenye makasha, wanasubiri miaka 20 au 30, ndipo wanauza.

Siku hizi picha za fimbo hizo zinafika mpaka kwenye simu zetu, na vijana wa mjini wameanza kuulizana: jamani, hii siyo dili? Mimi na vijisenti vyangu siwezi kuingia?

Jibu langu nalitoa mapema ili usije ukasema nilikuzungusha. Pale hauuzwi mti. Linauzwa jina, na linauzwa daftari linalothibitisha jina hilo. Ukikosa kimoja kati ya hivyo, umenunua kuni. Sasa tulia nikupe mkanda mzima.

MZEE WA BROOKLYN

Jina kubwa kuliko yote kwenye biashara hii ni George Balabushka. Alizaliwa Urusi mwaka 1912, akaingia Marekani mwaka 1924 akiwa bado mtoto. Alikuwa fundi wa mbao, mtu wa kutengeneza midoli na samani za watoto. Mwaka 1959 akaingia ubia kwenye ukumbi wa pool huko Brooklyn, New York. Akaanza kukarabati fimbo, na Krismasi ya mwaka huo akatengeneza chache akawapa rafiki zake kama zawadi. Rafiki wakacheza nazo, maneno yakasambaa, na kila mchezaji mkali akataka ya kwake.

Alifanya kazi hiyo mpaka alipofariki mwaka 1975. Inakadiriwa fimbo alizoacha ni kati ya 1,000 na 1,200 hivi. Basi! Hakuna nyingine itakayozaliwa. Hapo ndipo utamu wa biashara ulipo: wanaozitaka wanaongezeka, zenyewe haziongezeki. Leo Balabushka halisi yenye hali nzuri inauzwa makumi ya maelfu ya dola.

Hayuko peke yake. Kabla yake alikuwepo Herman Rambow wa Chicago, na Gus Szamboti wa Pennsylvania naye aliacha jina zito alipofariki mwaka 1988. Lakini aliyempaisha Balabushka mpaka kwa watu wasiojua hata kushika fimbo ni sinema. Mwaka 1986 ilitoka The Color of Money, na ndani yake Paul Newman anamzawadia kijana Tom Cruise fimbo ya Balabushka. Watu wakachanganyikiwa. Kumbe ile fimbo ya kwenye sinema haikuwa Balabushka! Ilikuwa ya Joss, imetengenezwa ifanane.

Hebu itafakari hiyo kidogo. Dunia nzima ilitoa macho kwenye fimbo ya Joss ikaamini ni Balabushka. Wewe uliyeona picha tatu kwenye simu utajuaje?

KWA NINI NI GHALI

Usidhani wanalipia sifa tupu. Kazi ipo. Fimbo ya kawaida ya pool ina urefu wa inchi 58 hivi, na huwa ni vipande viwili vinavyofungwa kwa skrubu katikati. Kipande cha mbele ni mti mgumu mweupe uitwao maple. Fundi wa kweli haukerezi siku moja akamaliza. Anaupitisha kwenye mashine ya kukereza, anapunguza kidogo, anauning'iniza miezi. Mti ukitulia anapunguza tena. Akiharakisha, mti utapinda ukiwa tayari mikononi mwa mteja. Mti ukionyesha ukorofi katikati ya safari, anautupa.

Kipande cha nyuma ndiyo uwanja wa madoido. Zile ncha ndefu za rangi unazoziona zimepanda kama mishale, kwa mafundi wa zamani ni miti tofauti iliyochongwa ikaumana na kugundishwa, siyo rangi ya brashi. Juu yake kuna nakshi za njumu, na mahali pa kushika panazungushiwa uzi wa kitani. Wapo mafundi wanaotumia hata mpingo, mti wetu wa taifa hapa Tanzania, ule ule wa vinyago. Ukiagiza kwa fundi mwenye jina, jiandae kusubiri, wengine kwa miaka.

Kwa hiyo ukitaka fimbo ya mkono ili ucheze nayo na uione fahari, sina ugomvi na wewe. Ugomvi unaanza ukisema hii ndiyo akiba yangu ya uzeeni.

MALI BILA DAFTARI

Wahenga walishamaliza: mali bila daftari hupotea bila habari. Fimbo nyingi za zamani hazina namba, na nyingine hazina hata saini. Wanaozitambua ni wataalamu wachache waliozishika kwa miaka mingi, wanaojua fundi fulani aliunganisha vipi, alitumia skrubu gani, alipenda uzi gani. Fimbo ile ile ikiwa na barua ya mtaalamu, risiti ya kwanza na picha ya mwenye nayo wa mwanzo, ina bei yake. Ikiwa haina kitu, bei inaporomoka hata kama ni halisi.

Na kuna mtego mwingine ambao wala si wizi. Baada ya mzee Balabushka kufariki, jina lake lilitumika kwa leseni halali kwenye fimbo za kiwandani. Zimeandikwa Balabushka, ni nzuri kuchezea, lakini mkono wa mzee haujazigusa. Mtu asiyejua anaona jina, anaona bei ya chini, anadhani kaokota dodo chini ya mnazi. Amenunua kumbukumbu kwa bei ya urithi.

Wazia pia upande wa pili. Mzee fulani huko Marekani amekusanya fimbo maisha yake yote, hakuandika popote ipi ni ipi. Akifariki, watoto wanazikuta uvunguni, wanazitoa pamoja na viatu vya zamani kwa bei ya mnada wa uani. Thamani ilikuwa kichwani mwa mzee, na imezikwa naye. Kwa hiyo daftari siyo la kumzuia tapeli tu. Ni la kumlinda mwanao.

NJUMU ILIYOLIA

Sasa kaa vizuri, maana hapa ndipo mambo haya yanapotugusa sisi wa Afrika Mashariki. Ile njumu nyeupe inayong'aa kwenye fimbo nyingi za kifahari za zamani, pamoja na kile kipete cheupe karibu na ncha, mara nyingi ni pembe ya ndovu.

Pool na ndovu ni hadithi ya zamani. Karne ya 19 mipira yenyewe ya biliadi ilichongwa kwa pembe, na Zanzibar ilikuwa soko kubwa la pembe zilizobebwa mabegani na wapagazi kutoka bara. Pembe zikaanza kuwa ghali mpaka mwaka 1863 kampuni ya Phelan & Collender ya New York ikatangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayepata kitu mbadala. Mipira ikahamia kwenye vitu vingine, lakini kwenye fimbo pembe ikabaki kama pambo.

Halafu ukafika mwaka 1989. Julai, Kenya ikachoma tani 12 za pembe mbele ya dunia. Oktoba, baada ya Tanzania kuwa mstari wa mbele kupeleka pendekezo, nchi nyingi zikakubaliana kufunga biashara ya kimataifa ya pembe. Marekani kwenyewe majimbo ya New York na New Jersey yakatunga sheria kali mwaka 2014, California sheria yake ikaanza kazi mwaka 2016, na mwaka huo huo serikali kuu ikakaza karibu kila kona.

Matokeo yake? Mtu alinunua fimbo yenye njumu ya pembe miaka ya 1970 kihalali kabisa, akaitunza kama mboni ya jicho. Leo akiwa kwenye jimbo lenye sheria kali haruhusiwi kuiuza. Akitaka kumuuzia mteja wa nje ya nchi, mpaka unamkatalia, kwa sababu mlango mdogo uliobaki ni wa vitu vya miaka 100 na zaidi. Fimbo ni ile ile, uzuri ule ule, jina lile lile. Soko ndilo limemkimbia.

Mimi binafsi simlilii sana. Ndovu wetu walilia kwanza. Ila somo lichukue: kitu kinachotegemea hamu ya watu wachache kinaweza kufungwa na sheria moja tu. Hata miti haijapona. Tangu mwaka 2017 jamii nzima ya mpingo iko kwenye orodha ya kimataifa inayodai vibali kuvuka mipaka. Daftari tena!

HESABU YA KIJIWENI

Tuchukue mfano, wa kupigia hesabu tu. Unanunua fimbo ya fundi aliye hai kwa dola 3,000. Unaifungia miaka 10. Bahati yako, inapanda mpaka dola 4,000. Unashangilia umepata elfu moja? Subiri. Huna mteja Sinza wala Eastleigh, kwa hiyo unampa dalali wa huko. Akikata asilimia 20, mkononi unabaki na 3,200. Faida dola 200 kwa miaka 10, yaani 20 kwa mwaka. Bado hujatoa nauli ya mzigo, bima na ushuru.

Na hapo nimekupa bahati. Fimbo nyingi za mafundi walio hai zikirudi sokoni zinauzwa chini ya alichotoa mnunuzi wa kwanza, kwa sababu fundi bado yupo na kesho atakereza nyingine. Za kiwandani ndiyo kabisa, zinashuka kama kiatu cha mtumba.

Fimbo haizai. Haikupi kodi ya pango kama chumba cha uani, haibebi abiria kama bodaboda. Inakaa kwenye kasha inakula pesa, halafu inataka malezi. Joto la ndani ya buti la gari linaiua. Ukiiegemeza ukutani inapinda. Na hewa yetu ya pwani yenye unyevunyevu siyo rafiki wa mti uliokaushwa kwenye nchi kavu. Ukisema uipake vanishi upya ing'ae, umeikata bei mwenyewe, maana wakusanyaji wanataka vanishi ya fundi, siyo ya kwako.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Kama una pesa ya ziada, ile ambayo hata ikipotea watoto watakula na kodi italipwa, na unapenda pool toka moyoni, nunua fimbo moja nzuri. Dai risiti, barua na jina la fundi. Uliza kama ina pembe, na ukiambiwa ipo, kimbia. Andika kila kitu kwenye daftari, mwonyeshe mkeo au mumeo lilipo. Kisha ichezee. Ikipanda bei, shukuru. Isipopanda, raha yako umeshaipata mezani.

Lakini kama pesa yenyewe ndiyo ya mtaji, ile uliyoidunduliza toka ulipoanza kibarua, usithubutu. Fimbo za kulipa kweli zina wenyewe, na wenyewe walizinunua wakati mzee Balabushka bado anakereza.

Akili za kuambiwa changanya na za kwako. Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa.