Mafao Yake, Uamuzi Wake

Mtumishi wa umma nchini hustaafu kwa hiari akifika umri wa miaka 55, na kwa lazima akifika 60. Tangu 2018 mafao yake hulipwa na PSSSF: sehemu kwa mkupuo, nyingine kama pensheni ya kila mwezi.

Hapa Misigiri, kwenye njia panda ya kwenda Kiomboi, mwalimu mwanamke anayekaribia umri huo hupata washauri wengi kuliko aliowahi kuwa nao kazini. Kaka anataka mtaji, mwana anataka pikipiki, na mkopeshaji yuko tayari kumpa fedha leo, mradi amwachie kadi ya benki. Wote wanagawana mkupuo ambao haujalipwa.

Aliyewafundisha watoto wa wenzake hesabu miaka thelathini hashindwi kuhesabu fedha zake. Kinachomshinda ni woga wa kuitwa mchoyo. Autambue woga huo mapema, asiudhanie kuwa ni huruma. Nasi tumezoea kumsifu mama mtoaji. Hatuulizi amebakiwa na nini.

Sheria ya Ndoa ya 1971 ilithibitisha haki ya mke kumiliki mali yake mwenyewe. Basi akitaka kulima alizeti, alime. Akitaka kupumzika, apumzike, wala asidaiwe maelezo.

Maofisa utumishi nao wawaite kina mama hawa miaka kadhaa kabla, wawaeleze haki zao na kuwasikiliza hofu zao. Semina ya wiki ya mwisho, kadi ikiwa tayari mikononi mwa mkopeshaji, imechelewa.