Mifupa ya Binti Zetu

Hutokea bibi mzee akateleza uani, akavunjika nyonga, na baada ya miaka binti yake yakamfika yayo hayo. Majirani husema, "Ndiyo nasaba yao." Sisi hatuwakatalii. Mabingwa wa utabibu wakadiria kuwa asilimia 60 hadi 80 ya tofauti za uimara wa mifupa baina ya mtu na mtu hutokana na urithi, na ambaye mzazi wake alivunjika nyonga yumo hatarini zaidi kuliko wenziwe.

Tunalokataa ni nasaba kufanywa kisingizio. Sehemu iliyobaki imo mikononi mwetu, na muda wake ni mfupi mno. Katika miaka miwili tu ya kukua kwa kasi, karibu na kuvunja ungo, msichana hujiwekea kiasi cha robo ya madini ya mifupa atakayokuwa nayo ukubwani. Afikapo miaka 18, kama asilimia 90 imekwisha patikana.

Je, umri huo hula nini? Ahitaji miligramu 1300 za madini ya chokaa kila siku. Kikombe cha maziwa humpa kama 300. Ni mfanyakazi gani wa kima cha chini awezaye kumnunulia kila binti vikombe vinne? Hapo ndipo dagaa, tuliozoea kuwadharau kuwa ni kitoweo cha wanyonge, wastahilipo heshima, maana huliwa pamoja na mifupa yao. Mchicha ni mwema kwa mengine, ila chokaa yake haipokelewi vyema mwilini. Sukuma wiki huushinda.

Tena mfupa huimarika kwa kutumikishwa. Kuruka kamba na kucheza rede si upuuzi, na wazazi wawazuiao binti zao michezo mara wavunjapo ungo huwazuia wakati ule ule wanapoihitaji mno. Nao wajinyimao chakula kwa kutafuta wembamba, hata hedhi ikakatika, wajue kwamba mifupa nayo hupungua.

Wako pia kina dada washonao viwandani tangu alfajiri hata magharibi, wasipate jua la kuupa mwili vitamini D. Twavitaka vyama vya wafanyakazi, vikaapo na waajiri kupatana juu ya mishahara, vidai pia chakula cha mchana kilicho bora na nafasi ya kutoka nje juani. Kamati za shule nazo ziende zikatazame kama dagaa wamo katika chungu cha wanafunzi.